Mkono Unaoshika Kitambaa

Msikilizaji, popote ulipo, Sirari, Nyamongo, Tarime mjini, Natta au Mugumu, maoni ya leo nayaelekeza kwa mafundi sofa. Mafundi majeneza nao wasibanduke redioni, maana kile kitambaa cheupe cha ndani ya sanduku hushikwa na pini zilezile zinazoshika leza ya kochi.

Zamani kidogo karakana ya sofa uliisikia kabla hujaiona. Kompresa ilinguruma, mpira wa upepo ulitambaa sakafuni, na umeme ukikatika kila mtu alitoka nje kukaa kivulini. Sasa imeingia stepla ya betri, na sioni sababu ya fundi kuikataa. Unaipakia kwenye bodaboda mpaka kijijini kwa mteja, unamvalisha viti vyake sebuleni kwake, unalipwa, unarudi. Kwenye kambi za watalii kuelekea lango la Ikoma, ambako ngurumo ya jenereta haitakiwi, ndiyo inafaa zaidi.

Ila wepesi huo umetuondolea kitu ambacho hatukukithamini: dalili. Stepla ya upepo ukichomoa mpira wake imekufa, na kila aliyemo karakanani anaona kwamba imekufa. Ya betri imelala pale juu ya sponji, kimya. Iko tayari kufyatuka au haiko tayari, sura ni ileile. Ndani ya nyingi kati ya mashine hizi kuna mota ndogo inayokaza springi ngumu kisha kuiachia ghafla. Springi inasukuma kibamba cha chuma, kibamba kinapiga pini. Nguvu inayozamisha pini ya milimita 10 kwenye mbao kavu ya mkaratusi haitazuiwa na ngozi ya mtu.

Sasa, anayeumia ni nani? Tukitaja usalama, mawazo yanakwenda kwa aliyeshika mashine. Mimi namuwazia yule wa upande wa pili. Kwa kawaida fundi mkubwa ndiye mwenye stepla, na kijana anayejifunza ndiye mvuta kitambaa. Kitambaa kikilegea sofa itakunjamana na mteja atairudisha, kwa hiyo kijana anavuta kwa nguvu zake zote, vidole vimeng'ang'ania ukingo wa mbao, na pini zinashuka moja baada ya nyingine karibu na kucha zake. Fundi macho yako kwenye mstari wa pini unyooke. Kijana macho yako kwenye mkunjo. Vidole havina wa kuviangalia. Na mkifika kona, pale kitambaa kinapokunjwa mara tatu na kushikiliwa kwa dole gumba, hali ni mbaya zaidi.

Maoni yangu ni haya, na najua yatawakera baadhi ya wakubwa wa kazi: mwendo upangwe na anayevuta, asiupange anayefyatua. Kijana aseme "piga", ndipo fundi apige. Kama hajasema, kidole kikae nje ya triga. Huku kwetu mdogo kumpa mkubwa amri si jambo la mchezo, ndiyo maana inafaa fundi mwenyewe aianzishe: "Mura, mimi sipigi mpaka uniambie." Na amnunulie plaizi pana ya kuvutia kitambaa, ili mkono wake ukae mbali na mdomo wa stepla kwa upana wa kiganja, si kwa upana wa ukucha.

Pini ikikwama, toa betri kwanza. Si baada ya kuichungulia mashine mdomoni, wala baada ya kuigonga kwenye meza. Toa betri, iweke mbali, uelekeze mdomo kwenye mbao chakavu maana springi inaweza kuwa imebaki imekazwa, kisha fungua reli ya pini na uchokoe kwa bisibisi nyembamba. Ukimpa mwenzako stepla mpe bila betri. Ukipanda ngazi kugongea wavu wa mbu dirishani, panda bila betri, utaipachika huko juu. Baadhi ya mashine zina kizuizi mdomoni, hazifyatui mpaka zikandamizwe kwenye mbao. Nimesikia wapo wanaokifunga kizuizi hicho kwa waya ili kazi iende haraka. Kwa hao sina lugha ya upole: fungua waya huo leo.

Kuhusu pini zenyewe nitasema kwa kifupi. Plaiwudi ya milimita 6 ukiipiga pini ya milimita 10, ncha zitatokea nyuma, na nyuma ndiko wengi huweka mkono wa kuegemezea. Kwenye fundo la ubao pini hupinda au kuruka. Ndiyo maana ya miwani ya usalama, ile inayofunika hadi pembeni; miwani ya jua ya dukani haikingi kitu.

Ninalotaka kulikalia zaidi ni chaja.

Karakana ya sofa imejaa vitu vinavyosubiri cheche. Kuna sponji, kuna mabaki ya kitambaa, kuna gundi ya kopo ambayo mvuke wake unashika moto. Betri za stepla hizi ni za lithiamu. Iliyoanguka mara nyingi, iliyovimba, iliyofunguliwa na kuwekewa seli za kuokoteza, au inayochajiwa kwa chaja isiyo yake, inaweza kupata joto na kuwaka yenyewe. Na wapi tunachajia? Usiku, kwenye kona ya sponji, kwa sababu mchana betri iko kazini. Juu ya hilo sponji, mara nyingine, analala kijana yuleyule mvuta kitambaa, akilinda mali ya tajiri wake. Sponji la magodoro likiungua hutoa moshi mweusi wenye kaboni monoksaidi na sumu ya sianidi. Aliyelala anaweza asiamke kabisa. Hapo hatuzungumzii tena kidole.

Chajia mchana, mtu akiwa macho, juu ya sakafu ya saruji au kipande cha bati, mbali na sponji na gundi. Betri ikijaa ichomoe. Iliyovimba usiirudishe kazini hata kama bado inasukuma pini. Na nyinyi mnaosafiri na bodaboda kati ya Mugumu na vijijini, msiweke betri ya ziada kwenye mfuko mmoja na pini za kumwagika: pini ikigusa vituo viwili vya betri kwa pamoja, itageuka waya wa moto mfukoni mwako. Moto ukishatokea, watu watoke kwanza, Zimamoto wapigiwe 114, na asirudi mtu ndani kuokoa vitambaa vya wateja.

Turudi kwenye jeraha. Pini ina miguu miwili, na tundu zake ni ndogo kiasi kwamba fundi huichomoa kwa meno, anafuta damu kwenye suruali, anaendelea. Udogo huo ndio unaodanganya. Ngozi inaziba upesi na uchafu unabaki ndani. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kwenye samadi, na sisi ni watu wa ng'ombe, karakana zetu nyingi zina sakafu ya udongo. Mama zetu na dada zetu huchanjwa pepopunda wanapohudhuria kliniki ya ujauzito. Mwanaume mzima, mara nyingi, sindano yake ya mwisho ya pepopunda ilikuwa utotoni na kadi haijulikani iko wapi. Kwa hiyo osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha nenda kituo cha afya ukamweleze mganga hivyo hivyo. Pini iliyozama kwenye kiungo cha kidole usiivute. Iache ilivyo, ufunike, uende hospitali. Ikiingia jichoni, usilisugue, usilioshe, usilikandamize. Funika kwa kitu chenye shimo kama kikombe, kisichogusa jicho, na msafiri mara moja. Maziwa na dawa za jirani ziacheni.

Na kinga hiyo ainunue nani? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa usalama kazini, OSHA, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, ambao mchango wake hulipwa na mwajiri. Fundi mwenye vijana wawili chini ya mwembe huenda hajawahi kujihesabu kuwa mwajiri. Lakini kama asubuhi anawaambia waje na jioni anawapa hela ya kula, sijui tumwite nani mwingine. Miwani na plaizi visitoke mfukoni mwa anayejifunza.

Na wewe mteja usijifiche. Desemba inakuja, na huku kwetu Desemba ni Krismasi, ni sherehe za tohara kwa mwaka wenye tohara, ni wageni kutoka Mwanza na ng'ambo ya Isebania, na kila mtu anataka kochi jipya kabla hawajafika. Unaagiza kwa kuchelewa, unakazia bei, kisha unapiga simu mara nne kwa siku. Fundi anakesha, kijana anavuta kitambaa huku anasinzia, betri iko kwenye chaja kando ya kichwa chake. Agiza mapema. Fundi akitaja bei iliyoingiza miwani na plaizi, bishana naye kuhusu rangi ya leza kadiri upendavyo, hiyo ni haki yako. Hapo kwenye miwani mlipe.