Kaktasi ya Krismasi: Mbona Haitoi Maua?



Tuseme kikundi kimetia pesa za wanachama katika mikebe 50 ya kaktasi, nia ni kuuza Krismasi. Desemba inafika, mimea ni mibichi, mizuri, lakini ua hakuna hata moja. Nani atanunua? Hiyo si hasara ndogo.

Kwanza, jina linatudanganya. Tukisikia kaktasi tunawaza jangwa, basi tunaianika juani na kuinyima maji. Hii kwao ni misitu ya milimani kusini-mashariki mwa Brazil. Humea juu ya miti, kwenye panda za matawi, kivulini. Kwa hiyo udongo wa mfinyanzi utaozesha mizizi. Changanyeni majani yaliyooza na mchanga wa mto, na mkebe utobolewe chini. Maji ni pale udongo wa juu umekauka, si kila siku.

Kuizalisha ni rahisi: kata kipande chenye pingili mbili tatu, kiache kivulini siku moja au mbili kidonda kikauke, halafu chomeka.

Sasa maua yenyewe. Mmea huu hungoja usiku mrefu wenye baridi. Unataka giza la saa 12 au zaidi, bila kukatizwa, kwa muda wa wiki sita hivi. Usiku wetu hapa Kenya ni karibu saa 12 mwaka mzima, kwa hivyo hatuna giza la kupoteza. Stima ikiwaka sebuleni mpaka saa nne, au ile taa ya nje ya kuzuia wezi ikiwaka mpaka asubuhi, kazi imeharibika. Kuanzia katikati ya Septemba, ingizeni mikebe stoo saa kumi na moja jioni, itoeni saa moja asubuhi. Wekeni zamu, maana mtu mmoja atachoka! Baridi ya nyuzi 13 hadi 18 usiku inafaa sana. Watu wa Limuru wana bahati hapo. Wa Mombasa watahangaika kidogo. Wiki hizo punguzeni maji, na mbolea msitie.

Vitumba vikitokea, rudisheni maji ya kawaida na msiuhamishehamishe mkebe. Ukikauka, ukilowa mno au ukihamishwa, vitumba hudondoka. Mnunuzi naye aambiwe auweke penye mwanga, si jua kali, na auache hapo hapo mpaka maua yaishe.