Kumtafuta Bata Mzinga wa Sikukuu

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za bata mzinga, ndege ambaye watu wengi humtamani Krismasi ikaribiapo, wala hawamkumbuki katika miezi mingine yote.

Ndege huyu asili yake si kwetu. Watu wa Mexico walimfuga tangu zamani, na Wahispania wakamleta Ulaya mwanzo wa karne ya 16. Huku kwetu wafugao kuku ni wengi, bali wafugao bata mzinga ni wachache. Kwa hiyo amtakaye hana budi kumtafuta mapema.

Jambo hili tulijifunza kwa kukosa. Mwaka mmoja baadhi ya wanafunzi wa chuo chetu hawakuweza kwenda likizo, kwa kuwa mito ilijaa. Tukasema, "Vijana hawa wasile maharage siku ya Krismasi." Jioni ya kuamkia sikukuu tukaenda gulioni. Giza lilikwisha ingia, na bata mzinga amebaki mmoja tu, amefungwa ndani ya tenga. Tukamwona mkubwa, tukalipa bila kumfungua. Kesho yake tulimpika tangu asubuhi hata alasiri. Kuni zikatuishia, na nyama haikutafunika. Wanafunzi wakala wali kwa mchuzi, wakatushukuru kwa adabu, nasi tukaona haya. Kweli, mbuzi hanunuliwi ndani ya gunia.

Basi, la kwanza ni kuagiza mapema. Yai la bata mzinga hulaliwa siku 28, na kifaranga huhitaji miezi mitano au sita hivi kabla hajafaa kuchinjwa. Yafaa basi ndege wa Krismasi awe ameanguliwa kabla ya mwisho wa Juni. Nenda kwa jirani afugaye, mpatane bei, na ukiweza umwachie sehemu ya fedha. Naye atajua alee vifaranga wangapi, wala hatapoteza chakula kwa ndege wasio na mnunuzi.

La pili ni kumtazama akiwa hai, tena mchana. Macho yawe maangavu, pua kavu, na mwendo wa nguvu. Mpapase kidari: mfupa ukiwa mkali kama kisu, huyo amekonda. Ncha ya mfupa huo kwa ndege kijana hupindika kidogo ukiibonyeza. Kwa mzee ni ngumu. Tazama na miguu: ya kijana ni laini, ya mzee ina magamba makavu, na dume mzee ana mwiba mrefu nyuma ya mguu.

La tatu ni kuuliza amelelewaje. Bata mzinga asichanganywe na kuku. Kuku huwa na minyoo midogo ichukuayo ugonjwa wa kuharibu ini; kuku mwenyewe huenda asionyeshe dalili, bali bata mzinga hufa. Ukiona mabawa yamelegea na kinyesi ni cha manjano kama kiberiti, usimnunue.

Siku ya kuchinja ikikaribia, mnyime chakula usiku mmoja, lakini maji mpe. Asiye na jokofu achinje alfajiri na kupika siku ile ile. Nyama iive hata mfupani. Ukilichoma paja kwa kisu, maji yatokayo yasiwe na wekundu.

Mwaka uliofuata tuliagiza mwezi wa Juni kwa mama mmoja mjane, jirani wa chuo. Kila tulipopita kwake alituonyesha ndege wetu alivyokua. Siku ya Krismasi wanafunzi walikula wakashiba, na yule mama kwa fedha ile akalipa ada ya shule ya mwanawe. Hapo ndipo tulipofahamu ya kuwa kuagiza mapema kwa jirani ni karamu ya nyumba mbili.