Nyumba Hupimwa Ikilalwa: Kufundisha Usanifu wa Majengo ya Afya na Endelevu katika Shahada ya Uzamili

Mada hii imeandaliwa kwa ajili ya semina ya walimu wa usanifu majengo na wataalamu wa afya ya mazingira, hapa Tabora. Waandaaji waliomba ianze na maana ya jengo lenye afya na jengo endelevu. Sitakawia hapo, maana sote tunazijua fasili hizo: la kwanza halimdhuru mkaaji wake kwa joto, moshi, unyevu wala wadudu; la pili halili misitu, maji na nishati kuliko mazingira yanavyoweza kustahimili. Mara nyingi mambo haya hufundishwa katika kozi mbili, kwa walimu wawili na mitihani miwili. Hoja yangu ni kwamba kwa nyumba za Tabora utengano huo hauteteeki, na kinachoweza kuyaunganisha ni kazi ambayo bado tunaiona ya ziada: kuipima nyumba usiku, watu wakiwa wamelala ndani, kwa mwaka mzima.

Tuliangalie tembe, nyumba iliyozoeleka katika sehemu hii ya njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji. Tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, alimokaa mvumbuzi David Livingstone mwaka 1872 na ambalo sasa ni makumbusho, lina sifa ambazo mwanafunzi wa usanifu endelevu hufundishwa kuzitafuta: kuta nene za udongo, paa bapa la udongo, na vifaa visivyohitaji tanuri wala safari ndefu. Katika mtihani wa kozi ya mazingira lingefaulu vizuri. Katika mtihani wa afya lingeanguka, na ushahidi wake ni wa zamani. Mwaka 1905 watafiti Dutton na Todd, wakiwa Kongo, walithibitisha kuwa homa ya kujirudia huenezwa na papasi, aina ya kupe. Dutton mwenyewe akafa kwa homa hiyo mwaka uleule. Mwaka huohuo mtafiti Mjerumani Robert Koch aliwachunguza papasi wa vituo vya mapumziko kwenye njia za misafara za Afrika Mashariki ya Kijerumani, akawakuta na vimelea vya homa hiyo. Papasi hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, huuma usiku, na huweza kukaa muda mrefu sana bila damu. Udongo uleule tunaousifu ndio makazi yake.

Tangu reli ilipofika Tabora mwaka 1912, vifaa vya viwandani vimekuwa na njia fupi zaidi ya kutufikia, na leo nyumba ya kawaida ni ya tofali la kuchoma, sakafu ya saruji na paa la bati. Sakafu hiyo imempunguzia papasi maficho, na hilo si jambo dogo. Ila tofali limechomwa kwa kuni za miombo, misitu ambayo tayari inakausha tumbaku. Saruji na bati vimetoka mbali. Na upenuni, kati ya ukuta na bati, mara nyingi hubaki mwanya ambao mbu wa malaria, aina ya Anofelesi, huutumia kuingia.

Hapo ndipo lilipo tatizo ninalotaka tulikalie. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, mvua zake huanza kwenye Novemba na kuisha kwenye Aprili, na joto kali huja Septemba na Oktoba kabla hazijanyesha. Ukuta mnene hunyonya joto mchana na kulitoa saa nyingi baadaye. Darasani hilo husifiwa. Lakini mchana wa Oktoba wakaaji wengi wako shambani, sokoni au barazani chini ya mwembe; wanaingia ndani saa ileile ukuta unapoanza kulitoa joto hilo. Bati huwaka mchana na kupoa upesi baada ya jua kuzama, ila chumba chenye dirisha dogo lililofungwa hubaki na hewa iliyotuama. Chandarua nacho hupunguza upepo, na joto ni miongoni mwa sababu zinazowafanya watu wasikitumie. Ukiziba upenu kumzuia mbu, unaongeza joto. Ukiuacha wazi, unamkaribisha. Hakuna mchoro unaoweza kuumaliza ubishi huu. Programu ya kompyuta inaweza kukadiria nyuzijoto za chumba, lakini haijui kama mama mwenye nyumba atafungua dirisha, wala kama watoto watahamishia mkeka uani.

Wapo watakaosema, na nawaelewa, kwamba muda wa uzamili hautoshi na vipimo ni ghali. Kuhusu gharama, vifaa vidogo vya kurekodi joto na unyevu si vya anasa tena, na mtego wa mbu ni kifaa cha kawaida kwa wataalamu wa malaria. Kuhusu muda, mwanafunzi mmoja si lazima apime mwaka mzima. Anaweza kurithi nyumba na takwimu kutoka kwa aliyemtangulia. Wengine watahoji kama ushirikiano wa wasanifu na watu wa afya unawezekana. Umeshafanyika nchini. Huko Magoda, Muheza, zilijengwa nyumba za majaribio zenye kuta za kupitisha hewa na vyumba vya kulala vilivyoinuliwa juu ya ardhi, na ndani yake joto na mbu vikapimwa pamoja. Vyote viwili vikapungua. Mtwara vijijini kukajengwa nyumba 110 za muundo wa namna hiyo ili kufuatilia afya ya watoto. Lakini Muheza ina unyevu na Mtwara iko karibu na bahari. Kuyahamishia majibu yao kwenye nyanda kavu za Unyamwezi, yaani huku kwetu Tabora, bila kupima ni kurudia kosa la kuamini mchoro.

Pingamizi zito zaidi ni faragha. Kuingia chumba cha kulala cha mtu kwa ajili ya shahada ya mtu mwingine kunahitaji ridhaa ya kweli, kibali cha maadili, na haki ya mwenye nyumba kukataa au kusimamisha kazi wakati wowote. Pia apewe matokeo kwa Kiswahili, pamoja na ushauri anaoweza kuutekeleza fundi wa mtaani.

Kwa heshima kwa wenye dhamana ya mitaala, napendekeza kozi ya afya na kozi ya mazingira ziunganishwe kuwa studio moja yenye msimamizi wa usanifu na msimamizi wa afya, na tasnifu isipokelewe kama haina vipimo vya usiku kutoka nyumba inayokaliwa. Vyuo vichague pamoja nyumba chache za kudumu za kufuatilia, matembe, za bati na za matofali ya udongo ya kufungamana ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiyaeneza, na vipimo vifanyike Oktoba na tena wakati wa mvua. Takwimu zitunzwe na chuo, zisibaki kwenye kompyuta ya mwanafunzi. Tume ya Vyuo Vikuu, inapopitia mitaala hii, iulize wazi ni wapi mwanafunzi anapima joto na wadudu kwa pamoja. Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi ifikirie kuihesabu kazi hiyo katika mafunzo ya vitendo. Na kwa kuanzia, kabla bajeti mpya hazijaombwa, walimu waliomo humu wakubaliane juu ya nyumba mbili tu mjini Tabora, moja ya udongo na moja ya bati, na vipimo vianze Oktoba ijayo.