Darubini na Idadi Iliyoandikwa Sandukuni

Habari ya mwezi uliopatwa usiku wa Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025, wasikilizaji mmekwisha kuipata, na kila aliyejaliwa anga safi aliuona ukiwa mwekundu tangu saa moja na nusu hata ikakaribia saa tatu, basi hatutairudia. Linalotushughulisha sisi wa kituo hiki cha Bunia ni lile lililozuka baada yake, nalo ni hamu ya darubini, hamu njema kabisa, ambayo wazazi na walimu wanaitamka waziwazi, na ambayo wachuuzi wa bidhaa zinazopitia Kampala huijibu kwa kutaja jambo moja tu: idadi iliyoandikwa kwa wino mkubwa juu ya sanduku.

Sanduku husema mara 525, na mnunuzi, ambaye tangu utotoni alifundishwa sayansi kwa chaki peke yake bila kuwahi kushika lenzi mkononi, hana kipimo cha kuipimia kauli hiyo. Kipimo ni hiki: kila milimita ya upana wa lenzi ya mbele hustahimili ukuzaji wa mara mbili hivi, hata bomba la darubini la milimita 60 likilazimishwa kupita mara 120 huonyesha ukungu mkubwa badala ya sayari. Upana ndio unaokusanya nuru. Upana ndio wa kulipiwa fedha. Milimita 70, juu ya stendi isiyotikisika, zitawaonyesha watoto mashimo ya mwezi, na miezi minne ya Mushtarii aliyoiona Galileo mwaka 1610, na pete za Zohali, ingawa mwaka 2025 zilitugeuzia ukingo na kuonekana kama uzi.

Lakini kuna kitu ambacho mchuuzi aghalabu hakitaji, nacho ni kilengeo, ile darubini ndogo inayofungwa juu ya kubwa. Bomba likikuza mara 100 huona kipande cha mbingu kinacholingana na upana wa mwezi peke yake, na mtoto anayeitafuta Zohali bila kilengeo atahangaika robo saa, kisha atawapisha wenzake akiamini kwamba hapana kitu. Vilengeo vya plastiki vya 5×24, yaani ukuzaji wa mara 5 na lenzi ya milimita 24, vinavyotiwa katika masanduku ya bei rahisi, vina giza na havikai mahali pake. Afadhali cha 6×30, au kile chenye nukta nyekundu, kisichokuza kitu, bali humwonyesha mtu mahali hasa bomba linapoelekea. Hiki cha nukta, hata hivyo, kinafanana mno na kilengeo cha bunduki, nasi jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021. Kwa hiyo mwalimu atakayetoka nacho usiku awaarifu kwanza mkuu wa mtaa na askari wa doria. Tochi ya leza ya kijani ya kulengea msiinunue kabisa, kwani marubani wanaokuja kutua Bunia waweza kupofushwa nayo. Kilengeo hupatanishwa na bomba mchana, kwa kuvielekeza vyote viwili kwenye ncha ya mnara wa simu ulio mbali. Kamwe si kwenye jua, tunarudia, kamwe si kwenye jua, hata kwa kile kichujio cheusi kinachofungwa penye lenzi ya jicho, kwani hupasuka kwa joto, na jicho lililoungua haliponi.

Stendi nayo ina hadaa yake. Zipo za ghali ambazo mhimili wake hutakiwa uelekezwe kwenye Nyota ya Kaskazini, na huko Ulaya, ambako nyota hiyo iko juu sana, zina manufaa makubwa; hapa kwetu, digrii moja na nusu tu kaskazini mwa ikweta, nyota hiyo imelala kwenye upeo wa macho, nyuma ya vilima na moshi, na stendi nyingi za namna hiyo hazishuki kufikia pembe ndogo kiasi hicho. Chagueni ile inayokwenda juu na chini, kulia na kushoto, basi.

Tena si kwamba elimu ya mbingu ni ngeni kwetu. Mwaka 1950 mtafiti Jean de Heinzelin alifukua huko Ishango, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward kuja kwetu Ziwa Albert, mfupa wenye alama zilizochongwa miaka elfu ishirini hivi iliyopita, ambamo mtafiti mwingine, Alexander Marshack, aliona hesabu ya siku za mwezi. Wengine wanabisha, na wabishe. Lisilobishaniwa ni kwamba mfupa uko Brussels, na mtoto wa Bunia akibahatika kusimuliwa habari zake husimuliwa kwa chaki peke yake.

Kwa chaki peke yake! Kila mwaka wa masomo utakwisha kwa chaki peke yake, tusipoamka. Enyi wazazi, enyi wakuu wa shule, shule tatu zishirikiane bomba moja lililo jema kuliko kila moja kununua takataka yake. Fungueni sanduku mbele ya mchuuzi kabla ya kutoa fedha, pimeni lenzi kwa rula, tikiseni stendi, chungulieni ndani ya kilengeo, na akikataa, ondokeni dukani. Mushtarii ikiwa mkabala na jua, kama tarehe 10 Januari 2026, hung'aa usiku kucha, na Januari mvua huwa zimepungua. Kamati za wazazi zikutane mwezi huu huu, michango ianze, na itakapokuwa mkabala na jua tena watoto wapange foleni nyuma ya darubini yao wenyewe.