Kwa nini ninarudi darasani kusomea elimu ya afya

(Maneno ya muuguzi wa zahanati kwa kamati za parokia, kabla ya kuanza masomo ya shahada ya uzamili)



Nawashukuru kwa kunichangia ada. Wapo wajumbe walioniuliza, tena kwa haki, kwa nini muuguzi aende kusomea elimu ya afya na mazoezi wakati zahanati inapungukiwa dawa. Naomba nijibu hilo.

Dawa za presha na kisukari mara nyingi mtu huzitumia maisha yake yote. Kila mgonjwa mpya ni gharama ya miaka mingi kwa familia yake na kwa kabati letu la dawa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtu mzima aushughulishe mwili kwa kiasi cha wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Wengi wakisikia hivyo hufikiria raba na uwanja wa mpira. Sivyo. Kulima, kuchota maji na kutembea kwenda sokoni, vyote vinahesabika. Mama aliyeshika jembe tangu alfajiri hana haja ya kuhubiriwa mazoezi. Huyo tumsaidie apumzike. Ninaowafikiria ni mwenye duka anayekaa kitini kutwa, kijana wa bodaboda, mwalimu mstaafu, na sisi wa vikao tunaokunywa soda mbili kabla ya ajenda ya tatu. (Leo nimehesabu.)

Je, tuwaambie tu? Wengi wameshaambiwa. Hapa Tanzania mwaka 1973 tulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio. Kipindi kikiisha hawakutawanyika: walisoma kitabu, wakajadiliana, wakaamua, wakachimba vyoo. Mkutano wa Ottawa, Kanada, mwaka 1986 ulisema jambo linalofanana na hilo, kwamba afya hujengwa pale watu wanapoishi, wanaposoma, wanapofanya kazi na wanapocheza. Barabara isiyo na njia ya miguu haitembeleki jioni, na mama anayeogopa kuchekwa hatoki. Bango haliondoi hayo. Namna ya kuyaondoa pamoja na watu wenyewe ndiyo ninayokwenda kujifunza, pamoja na takwimu, ambazo naziogopa kidogo.

Baadaye nitafanya utafiti, na mambo mawili niyaseme mapema. Utafiti wa namna hii unahitaji kibali cha maadili, na kila mshiriki aridhie kwa hiari yake. Kwa hiyo kamati inayonilipia ada haitaletewa jina la mtu wala kipimo chake cha presha, hata mwenyekiti akiniomba. La pili ni kwa wafadhili. Tumezoea kuwaandikia idadi ya waliohudhuria semina. Mimi nitawaandikia ni wangapi bado wanatembea baada ya miezi sita. Huenda ikawa namba ndogo. Naomba ipokelewe hivyo hivyo.

Kwa sasa, kila parokia ichague watu wawili, wasiwe wale wale wa siku zote, wapite mitaani na kuandika ni wapi watu wanashindwa kutembea kwa usalama, na kwa nini. Nitazifuata orodha hizo likizo ya kwanza.