Tununue kamba kabla ya sanduku

Maneno ya timu ya mashinani mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka



Mlituomba tuseme kidogo juu ya usalama kwenye mashimo ya dhahabu. Tutasema kitu kimoja tu: mzigo unaoning'inia kwenye kamba. Udongo ukiporomoka kila mtu anasikia, hata redio inatangaza. Lakini gunia likikatika kwenye kamba hakuna anayetangaza, juu linachukua mtu mmoja mmoja.

Kwanza tukumbuke namna tulifika kwenye mashimo. Wengi wetu tulirudi kwa meli kutoka Kigoma, kuanzia mwaka 2005, tukashukia hapa hapa Baraka. Tulitoka Lugufu, Nyarugusu na kambi zingine, na mikeka yetu, sufuria zetu na vyeti vya shule. Kuna waliokuta shamba la baba linalimwa na mtu mwingine. Kijana asiye na shamba wala kazi atafanya nini? Anapanda pikipiki, anaenda Misisi. Hatukuja kumkemea. Tuseme ukweli: bati za nyumba nyingi za wanachama zimetoka shimoni.

Kwa wale ambao hawajaona shimo, liko hivi. Linashuka wima, upana wake ni kama mtu aliyenyoosha mikono. Juu ya mdomo wake wamesimamisha miti miwili, na mti wa tatu umelala juu yake ukiwa na mkono wa kuzungushia. Waliotoka Tanzania wanaita winchi, waliobaki huku wanaita treyi. Wa chini anajaza mawe kwenye gunia, anafunga, anapiga kelele. Wa juu wanazungusha. Gunia linapanda likigonga ukuta huku na huku. Na yule wa chini, wakati huo yuko wapi? Yuko pale pale chini yake, anajaza gunia la pili.

Sasa tufanye hesabu. Jiwe likidondoka kutoka mita 20 linafika chini kwa sekunde mbili hivi, likiwa na mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa. Ni mwendo wa gari kwenye barabara nzuri. Ukisikia kelele "angalia!" na kuinua kichwa, limeshafika. Kofia ngumu inaweza kukuokoa na jiwe dogo. Gunia la kilo 40 kofia haiwezi.

Hapa lazima tuungame kitu. Msimu wa mvua uliopita tulitembelea shimo moja wanamofanya kazi watoto wa wanachama wetu. Tulikuwa na fomu yetu. Kofia ziko? Ndiyo. Buti? Nusu. Watoto wadogo wako? Hapana. Mama wajawazito? Hapana. Tuliandika yote. Kamba tuliiona pia. Ilikuwa na mafundo matatu mahali ilipokatika zamani ikaungwa, na nyuzi zake zilikuwa zimesimama kama manyoya. Mmoja wetu aliishika mkononi. PDG wa shimo akasema, "Kamba iko nzuri, inavuta tangu mwaka mzima." Fomu haikuwa na mstari wa kamba. Tukapiga picha, tukaenda.

Siku nane baadaye kamba ile ilikatika penye fundo la pili. Chini alikuwako kijana, mtoto wa mama mmoja aliyeketi pamoja nasi leo. Alikuwa amevaa kofia tuliyompa sisi. Gunia lilimpiga begani na mgongoni. Hakufa. Lakini mpaka leo hatembei bila kushikiliwa. Hazina ya chama ililipa hospitali mpaka ikabaki tupu, na matanga mawili yaliyofuata hayakupata mchango wowote. Tulipoenda kumwona, mama yake alituuliza, "Siku ile mulikuja kuangalia nini?" Hatukuwa na jibu.

Tangu hapo tulirudi kwenye mashimo bila fomu. Tulikaa na vijana, tukawauliza: juu ya nini munabaki chini ya gunia? Hakuna aliyesema hajui hatari. Wanaijua kutupita. Walisema wanalipwa kwa kugawana magunia. Anayesogea kila mara gunia linapopanda anaonekana mvivu, na jioni wenzake wanamhesabia. Mwingine akasema, "Ukisema simameni, wanakuita mwoga." Basi tukaelewa kwamba kumhubiria mchimbaji ajichunge hakutoshi. Ni lazima kundi zima likubali kusimama, pamoja na PDG.

Katika mashimo matatu tumekubaliana mambo haya.

La kwanza, ndilo kubwa: gunia likiwa hewani, hakuna mtu chini yake. Ili mtu awe na pa kwenda, wanachimba kichumba pembeni, chini kabisa, mahali ambapo mwamba ni mgumu. Wa chini anafunga gunia, anaingia kichumbani, ndipo anatoa ishara. Anatoka tu wa juu wakimwambia gunia limeshapokelewa. Kamba tupu ikishuka, vilevile anangoja, juu ndoano nayo ni mzigo.

La pili, ishara. Kelele zinapotea shimoni, hasa pampu ya maji ikilia. Tumepatana kuvuta kamba ndogo ya pembeni: mara moja ni simama, mara mbili ni pandisha, mara tatu ni shusha. Simama inaweza kutolewa na mtu yeyote, hata mgeni wa siku moja, na hakuna anayemuuliza sababu kabla mzigo haujatulia.

La tatu, kamba. Kila asubuhi mmoja anaipitisha yote kwenye vidole vyake, polepole, kama mtu anayechambua mchele. Akikuta imekatika nyuzi, imelainika kwa kuoza, au imekauka na jua, haifanyi kazi siku hiyo. Kamba ya kuunga kwa fundo haivuti tena mzigo, maana fundo linaweza kuiondolea karibu nusu ya nguvu zake. Na kamba mbaya hatuiweki pembeni, kwa sababu kesho kutwa mtu ataiokota. Tunaikata vipande vifupi vya kufungia mbuzi.

La nne, gunia lenyewe. Lisijae mpaka mdomoni. Liachwe kiganja kizima, mdomo ufungwe. Jiwe kubwa lisikae juu juu. Ndoano iwe ya kufunga, isiwe waya uliopindwa. Mzigo ukinyanyuliwa kiasi cha mkono mmoja, wasimame kwanza waangalie: kamba imekaa? gunia halichaniki? Ndipo waendelee. Wakati wa mvua wapunguze mawe, juu gunia lililolowa lina uzito usioonekana kwa macho.

La tano, winchi. Miguu yake ifukiwe, isiegemezwe tu kwa mawe. Iwe na kizuizi cha kuingia kwenye meno, ili mzungushaji akiteleza mzigo usirudi chini na mkono wa chuma usimpige kifuani. Wawe wawili siku zote. Na ukingo wa shimo usafishwe: koleo, chupa, mawe, vyote vikae mbali na mdomo.

La sita, mtu asipande juu ya gunia wala kushika ndoano ili avutwe. Tunajua vijana wanachoka kupanda. Lakini kamba ya mawe ni ya mawe.

Wenye watoto walioenda Kolwezi au Fungurume kutafuta kazi ya siku kwenye kampuni kubwa, waambieni hivyo hivyo. Kule mzigo unabebwa na mashine yenye mkono mrefu na kamba ya chuma. Kanuni haibadiliki: hupiti chini yake, hata kama ni njia ya mkato, hata kama bosi anapita.

Kuna PDG mmoja alituambia kwamba haya yote yanapoteza saa. Ni kweli, yanapoteza dakika kadhaa kwa kila gunia. Tulimwomba ahesabu pia siku ambazo shimo lake lilisimama baada ya ajali. Alinyamaza, halafu akauliza kamba mpya inapatikana wapi. Tunamkumbusha pia kwamba sheria ya nchi haimruhusu mchimbaji wa mikono kupita mita 30 kwenda chini. Na wako watu wa serikali, SAEMAPE, ambao kazi yao ni kufundisha na kusaidia wachimbaji wadogo. Tuwaalike, tusiwaogope tu.

Sasa tunaomba mkutano ukate maneno matatu.

Moja: sehemu ya hazina itengwe kila mwaka kwa kununua kamba, ndoano na vizuizi vya winchi, na mashimo yatakayopokea yawe yale yaliyokubali kuchimba kichumba. Daftari letu la matumizi limejaa sanduku, kitambaa na mafuta ya pikipiki ya kubeba maiti. Hakuna hata ukurasa mmoja wa kamba.

Mbili: mwanachama au mtoto wa mwanachama akifukuzwa kazi kwa sababu alisema simama, chama kimsimamie mbele ya PDG, na kimpe posho mpaka apate shimo lingine. Bila hilo, ishara yetu ya simama ni maneno tu.

Tatu: sisi wa timu tupimwe kwa kamba, si kwa idadi ya kofia. Wafadhili wetu, tunajua picha ya kofia inapendeza kwenye ripoti. Tunaomba mtuulize kila mara: kamba ilikuwaje, na wa chini alisimama wapi?

Tunamalizia na habari ndogo. Kwenye shimo moja kati ya yale matatu, gunia lilipasuka katikati ya njia, mawe yakamwagika mpaka chini. Wawili waliokuwa chini walikuwa kichumbani. Walitoka, wakayajaza upya. Hakuna aliyekuja kutuambia. Tuliisikia wiki moja baadaye, vijana wakiisimulia kama kichekesho kwenye kilabu cha chai. Habari kama hiyo haina matanga wala mchango. Tunaomba mtusaidie tuipate mara nyingi.