Bibi na Mjukuu, Benchi Moja

Leo nawaomba mama zangu na baba zangu msizime redio.

Tangu kambi hii ya Dzaleka ifunguliwe mwaka 1994, watoto wengi wamezaliwa hapa. Shuleni wanafundishwa Kiingereza na Kichewa. Jumapili kanisani wanapewa Biblia ya Kiswahili, wanasoma kwa kukwama-kwama. Bibi aliyeketi nyuma anajua zaburi kwa moyo, lakini herufi hazijui. Basi kwa nini tunawatenganisha, watoto nje chini ya mti, wazee ndani? Waketi pamoja. Bibi ataje mstari, mjukuu aufuate kwa kidole. Wote wawili watasoma.

Aibu ipo, najua. Mtu wa miaka 60 kushika kalamu mbele ya watoto! Na watoto hucheka, tusidanganyane. Lakini ukipelekwa hospitali Lilongwe unapewa karatasi yenye tarehe ya kurudi. Mama mmoja alikaa na yake mkobani mpaka siku ikapita, kwa kuwa aliona haya kumwomba jirani amsomee.

Wachungaji na makatekista, tutafutieni saa moja baada ya ibada. Wazee, njooni na miwani kama ipo. Daftari tutagawana.